Maneno ya koloneli kwa basoda benye kuenda Beni

Bandugu, mingi kati yenu muliomba maneno yenye koloneli alisema hapa Lubumbashi mbele batayo ipande ndege. Naiweka yote hapa vile aliisema, sikukata kitu. Bamama ya kambi benye habakufika, na bazee ya jeshi benye kuwa mbali, someni pole pole.

Jambo basoda! ... Jambo basoda! ... Sawa, sasa nasikia. Kaeni chini. Leo haiko parade, jua iko kali na niko na maneno mingi. Bamama benye kusimama pale nyuma karibuni mbele, karibuni kabisa, maneno ingine ni yenu.

Batoto yangu, munaenda Beni. Mingi yenu hamujafika kule hata siku moja, Beni munaijua mu telefone tu, zile picha za batu benye kukatwa na mapanga, na najua usiku munalala munaziangalia. Acheni kuziangalia. Hazikufundishi adui, zinakupa woga na hasira tu, na soda mwenye woga na hasira pamoja ni hatari kwa kila mutu, ya kwanza kwa mwenzake wa pembeni.

Niwaulize kwanza. Huyu adui ametoka wapi? Amekaa pale tangu lini? ADF, bale baasi benye munaenda kupigana nabo, balikuja kutoka Uganda mwaka 1995, bakaingia kupitia milima ya Rwenzori, bakajificha mu pori ya muto Semuliki. Elfu moja mia tisa makumi tisa na tano! Kuna basoda hapa mbele yangu benye habakuwa bamezaliwa. Bale batu balilima pale, baliuza mbao, balioa, balizaa batoto, na ile batoto sasa njo inabeba bunduki. Ile pori ni nyumba yao. Munafikiri mutabashinda kwa kujua njia? Hapana. Munafikiri mutabashinda ju munabeba bunduki kubwa kubashinda? Bunduki kubwa tulikuwa nayo tangu zamani. Mutu moja tu njo anajua ile pori sawa na adui, ni muraia mwenye kuamuka saa kumi na moja ya asubuhi kuenda ku shamba ya kakao. Ule mama mwenye kubeba ndizi kichwani. Ule kijana wa pikipiki. Habari iko kwao, haiko kwa mimi, haiko kwa jenerali. Na yote nitasema leo inazunguka pale pale, munisikilize muzuri.

Januari 2014 jeshi letu lilianzisha operesheni Sukola ya kwanza, ya kupiga ADF. Mulisikia habari yake. Basoda balipigana kiume, balikufa mingi, lakini balisonga, kambi moja, kambi ya pili, mpaka Aprili bakakamata Madina, ile kambi kubwa yenye adui alijenga ndani ya pori. Watu balicheza. Sisi baofisa tukasema imeisha. Iliisha? Oktoba ya ule ule mwaka mauaji ilianza Beni, mapanga, usiku, nyumba kwa nyumba, na mpaka leo batu banazika. Tena mwisho wa Oktoba 2019, operesheni kubwa ingine, kambi zinaanguka, na mu wiki chache raia banachinjwa nyuma ya mugongo wa jeshi mpaka wakaaji ya Beni balichoka, tarehe 25 Novemba balichoma ofisi ya meya na bakaingia mu kambi ya Umoja wa Mataifa. Kuna baofisa balisema bale batu ya Beni ni wakaidi. Mimi nasema hapana. Mutu mwenye kuzika batoto yake wakati jeshi linasema kwa redio kwamba linashinda, wewe ungefanya nini?

Mumeelewa vile adui anapigana? Ukimupiga mbele, hakai kukungoja. Anakuachia kambi tupu, vyungu na majivu, anazunguka, anaenda kuua pale haupo. Anataka raia aseme: jeshi likikuja, sisi njo tunakufa, basi afazali jeshi lisikuje. Ile neno ikitoka mu kinywa cha raia, vita tumeshapoteza, hata kama tumekamata kambi mia.

Kwa hiyo kila asubuhi mbele ya patruyi, kila komanda wa peloton ajiulize: nyuma yangu iko nani? Nimeacha kijiji gani bila mutu? Ni wakati ya kuvuna kakao, nani analinda mashamba? Nyuma yangu iko nani? Mutafika mahali munasikia sauti yangu mu usingizi ikiuliza hii swali, na nitafurahi.

Tangu tarehe 30 Novemba 2021 tunapigana pamoja na basoda ya Uganda, operesheni Shujaa. Kuna kazi imefanyika, adui amefukuzwa kwenye mahali alikuwa anakaa kama mfalme. Lakini ameenda wapi? Ameenda upande wa magharibi, Mambasa, Lubero. Juni 2024 aliua batu mingi sana mu vijiji vya Lubero. Julai 2025 aliingia mu muji wa Komanda, mu Ituri, usiku, akakuta bakristo ndani ya kanisa banakesha. Ndani ya kanisa! Sitasema zaidi, munajua.

Sasa turudi hapa kwetu Katanga, ju kuna mutu atasema, afande, hii ya Beni ni ya bageni, sisi hatuijui. Hapana, munaijua muzuri. Nani kati yenu ni mutoto wa Mitwaba? ... Pweto? ... Manono? ... Inueni mikono, musiogope. Angalieni ile mikono. Bale ni batoto ya ile tulikuwa tunaita pembe tatu ya kifo.

Gédéon Kyungu. Nikitaja lile jina bamama pale mbele banashika kichwa. Mai-mai yake, kile kikundi cha raia benye bunduki, ilichoma vijiji, batu balikimbia mpaka bengine balienda kuishi juu ya visiwa vya manyasi mu ziwa Upemba, nyumba inaelea juu ya maji, mutoto anakohoa, chakula ni samaki tu. Na ile bunduki ya kwanza ya mai-mai ilitoka wapi? Wakati wa vita ya 1998 serikali yetu yenyewe ilibapa, ili bazuie adui mwenye kutoka mashariki. Bunduki unaitoa siku moja, kuirudisha ni miaka makumi. Nimesema, napita.

Mwishoni mwa 2005 jeshi lilianzisha operesheni kubwa. Na raia? Raia balikimbia mai-mai, na ilikuwa vilevile banakimbia jeshi. Hiyo mukumbuke. Mutu anatoka kijijini na mukeka na kuku moja, mai-mai anamunyanganya mukeka, anafika ku bariyeri yetu soda anamunyanganya kuku. Sasa ule mutu ukimuuliza mai-mai balipitia wapi, atakujibu? Atakuonyesha njia ingine kabisa, na wewe utatembea siku mbili mu matope.

Mei 2006 Gédéon alijitoa yeye mwenyewe pale Mitwaba. Furaha! Mahakama ya Kipushi ikamuhukumu kifo mwaka 2009. Furaha tena! Septemba 2011 akatoroka jela ya Kasapa, hapa hapa Lubumbashi, pamoja na bafungwa mingi sana. Tarehe 23 Machi 2013, batu yake baliingia katikati ya huu muji, bamama munakumbuka, tulilala chini ya kitanda na batoto, masasi inapita juu ya bati. Oktoba 2016 akajitoa tena. Machi 2020 akapotea tena. Miaka kumi na ine! Tulimukamata shefu, tukamuhukumu shefu, tukamupokea shefu na ngoma, na vita ikabaki. Ju vita haikuwa ndani ya mutu moja. Ilikuwa mu vijiji vyenye habakuona tofauti ya soda na mai-mai. Basi mukifika kule, musiniambie tukikamata Baluku, mukubwa wa ADF, imeisha. Jamil Mukulu, mukubwa wao wa zamani, alikamatwa Tanzania mwaka 2015. Iliisha? ... Iliisha? ... Ehe.

Nafika sasa kwenye maneno inaniuma zaidi, na sitaisema haraka.

Tarehe 20 Novemba 2012 baasi ya M23 balikamata Goma. Jeshi letu lilirudi nyuma, Sake, halafu Minova, kule Kalehe, pembeni ya ziwa. Maelfu ya basoda, benye njaa, benye aibu, baofisa bengine hata haujui bako wapi. Na pale Minova ile basoda ilifanya nini? Balibaka bamama. Balibaka bamama na batoto bakike zaidi ya mia moja, na baliiba kila kitu, mpaka sufuria. Bamama munisamehe kusema hivi mbele ya batoto, lakini nikificha nitakuwa muongo. Haikuwa M23. Haikuwa ADF. Ilikuwa sisi, na hii tenu yenye niko navaa leo. Na ndani ya zile batayo kulikuwa moja, ya 391, yenye ilifundishwa Kisangani mwaka 2010 na bafundisha ya Marekani, mazoezi muzuri, vitu vyote. Mumesikia? Mafundisho muzuri ilikuwa, na haikuzuia kitu. Kesi ikafunguliwa Goma mwaka 2013, basoda 39, hukumu ikatoka Mei 2014, na bale bamama benye balikuja kusimama mbele ya mahakama na uso bamefunika na kitambaa, benye balihukumiwa kwa kubaka balikuwa babili tu. Babili. Bamama ya Minova bangali banaishi. Banatuangalia tukipita.

Mukamate hiyo kwa mukono moja. Sasa mukono ingine.

Julai 2013, miezi nane tu nyuma ya ile aibu, vita inaanza tena pale Kanyarucinya, mulangoni mwa Goma. Jeshi ni lile lile la Congo. Mbele iko koloneli Mamadou Ndala na komando ya batayo ya 42. Na batu ya Goma, bale bale batu, banafanya nini? Bamama banapika bukari na maharagi banapeleka ku mbele. Vijana banabeba maji. Banabeba sanduku za masasi kichwani! Balisikia sauti inapita kwamba Kinshasa inamuita Mamadou atoke mbele, bakatoka barabarani kukataa, bamama kabisa. Ni soda gani analiliwa namna hiyo na raia? Ulishaona wapi? Na raia njo balikuwa banasema adui bamelala wapi usiku, banapita njia gani. Kibati mwezi wa nane, Kibumba mwezi wa kumi, Rutshuru, Bunagana, mpaka vilima vya Chanzu na Runyonyi, tarehe 5 Novemba 2013 M23 ikasema imeacha vita.

Nini ilibadilika mu miezi nane? Ndiyo, kulikuwa brigedi ya Tanzania, Afrika ya Kusini na Malawi, balitusaidia sana, siwezi kubanyima haki yao. Lakini batu habakupikia brigedi, balipikia soda wa Congo! Ilibadilika hii: baofisa baliongoza mbele, komanda anaonekana, anakula mahali soda anakula. Rasio ilifika. Na soda mwenye kuiba alijua ataonekana na mukubwa wake siku ile ile. Haiko uchawi. Hakuna kitu ingine.

Kuna basoda hapa benye bandugu yao balikuwa Goma Januari 2025 na Bukavu Februari. Najua munabeba nini ndani ya roho. Sitafungua ile kidonda leo, munaenda upande wa Beni na akili yenu iwe Beni. Lakini nilibaambia hii ya 2012 na 2013 ju nawaona macho, kuna benye banafikiri jeshi lenye lilianguka haliwezi kusimama. Lilisimama. Mimi si mutoto, nililiona.

Na Mamadou? Tarehe 2 Januari 2014, karibu na Beni, barabarani, gari yake ilipigwa na roketi. Kule munaenda, njia ile. Alikuwa amefika juzi kupigana na ADF. Na mahakama ya kijeshi Beni, Novemba ya ule mwaka, ilihukumu nani? Ilihukumu hata baofisa ya jeshi letu. Kikulacho kiko nguoni mwako. Kwa hiyo telefone! Nani anapita barabara gani saa ngapi, hiyo haisemwi na telefone, haisemwi ku bibi, haisemwi ku ndugu, haisemwi mu baa. Hakuna picha ya gari, hakuna picha ya kambi, hakuna kujirekodi unacheza na bunduki juu ya TikTok. Bamama, bwana yako akikuambia "siwezi kusema niko wapi", usifikiri iko mwanamuke. Anakulinda kubaki mujane.

Sasa amri zangu, na hizi sirudilii mara ya pili.

Ya bariyeri. Bariyeri ni ya kutafuta adui, haiko duka. Raia hatoi franka, hatoi kuku, hatoi kuni, hatoi hata ndizi moja. Mukiona mama anafika na muzigo munamusalimia kwanza, na munamusalimia na Kiswahili. Nasema hivi ju ninyi muko na bahati yenye basoda bengine habana, munatoka Katanga, Kiswahili ni ya nyumbani. Kule mashariki bazee bakisikia soda anapiga kelele na Lingala banakumbuka miaka yote ya kunyanganywa, roho inafunga palepale. Wewe sema "jambo mama, umeamukaje, shamba inaendelea namna gani?" Usimuulize adui. Siku ya kwanza usimuulize kabisa. Siku ya ine, siku ya tano, yeye mwenyewe atasema, baba, jana nilikuta nyayo ya viatu pale chini ya muto, na viatu haiko yenu.

Na akikuambia, jina yake inabaki mu kichwa cha komanda. Haiandikwe, haitajwe ku radio. ADF banaua mutu mwenye kusema. Mama akikupa habari amekupa maisha yake, unaelewa? Na akikuita usiku, unaenda. Haungoji asubuhi. Kuna vijiji kule baliita jeshi saa mbili ya usiku, jeshi likafika asubuhi kuhesabu maiti, na kambi haikuwa mbali. Ukifanya hivyo mara moja tu, hapo hautapata habari tena mpaka unatoka.

Ya bafungwa na benye kutoka pori. Sikilizeni hapa, bajeune. ADF banakamata batu, bamama, batoto, banabeba muzigo yao, bengine banafanywa bibi kwa nguvu, mutoto wa miaka kumi anapewa panga. Siku moja utaona mu manyasi mutu anatoka, nguo imepasuka, nywele chafu. Hautapiga. Utamulazimisha ainue mikono, utaangalia kama habebi bomu, ju mabomu ya kutega iko mingi, hata mu kanisa ya Kasindi baliiweka Januari 2023. Halafu utamupa maji. Hapigwi, havuliwi nguo, hapigwi picha. Ule mutu ametembea ndani ya pori na adui, anajua maji iko wapi, kambi iko wapi, mabomu iko wapi. Ukimuua umechoma ramani yako mwenyewe. Na mwenye iko ndani bado, mwenye anatafuta namna ya kutoroka, anasikia. Akisikia basoda banatoa maji atatoroka. Akisikia banapiga masasi atabaki kule, na kesho atakupiga wewe.

Ya baislamu. Adui anajisema iko na Islamic State. Asikudanganye. Mei 2021 kiongozi wa baislamu aliuawa Beni ndani ya musikiti, anasali, ju alikuwa anasema wazi wazi kwamba ile mauaji haiko dini. Kuna basoda baislamu hapa katikati yetu, banaenda kufa sawa na ninyi. Nikisikia soda amemusimamisha muzee ku bariyeri sababu ya kofia yake tu, ule soda atanikuta mimi.

Ya woga. Kila mutu anaogopa, hata mimi. Ukianza kutetemeka, angalia wa kuume kwako na wa kushoto, sema jina yake kwa sauti, akuitike. Usikimbie pekee yako. Kurudi nyuma kwa amri ni kazi ya jeshi, na tumeifanyia mazoezi, moja anapiga mwengine anasonga. Kukimbia bila amri ni kuacha mwenzako na kuacha kijiji. Butembo, Julai 2024, mahakama ya kijeshi ilihukumu basoda 25 kifo kwa kukimbia mbele ya M23. Sisemi hiyo kwa kuwatisha. Nasema ju sitaki hata moja wenu asimame pale, na kazi ya kuzuia hiyo inaanza na sisi baofisa. Soda mwenye amekula, mwenye iko na masasi, mwenye anaona komanda wake iko mbele, hakimbii ovyo. Ba-komanda ya kompanyi mumesikia? Rasio ya soda ikipotea njiani sitauliza soda, nitauliza ninyi. Mutakula mwisho. Kila siku, mutakula mwisho.

Bamama, sasa ninyi. Najua solde inachelewa. Najua bwana akiwa mbali, kadi ya banki inabaki naye, telefone haipiti, na mwenye nyumba anagonga mulango. Sitawaambia muvumilie, muliambiwa hiyo tangu zamani. Leo mbele hamujatoka hapa, kila soda mwenye bibi na batoto aandike mu hii daftari ya kapiteni jina ya bibi, namba ya telefone, batoto bangapi, na nani anachukua franka mu nafasi yake. Kapiteni anabaki Lubumbashi, hiyo njo kazi yake, hana ingine. Soda akiumia, bibi atajua kwa mudomo ya ofisa, hatajua kwa WhatsApp. Mama mwenye mutoto anagonjwa aende ku hospitali ya kambi na jina ya batayo, na bakimurudisha aniite mimi. Namba yangu munayo.

Peloton ya kwanza inapanda saa kumi. Masanduku ya dawa inaingia mbele ya muzigo ya baofisa, nimeshasema na sitabadilisha. Daftari iko pale chini ya muembe, anzeni kuandika sasa, benye batoto mingi bapite mbele.